Kiyeyushi cha mimbari

Kindu, Ijumaa, mwezi wa Novemba

Mvua ilianza alfajiri, ikakata kabla ya adhana ya mchana. Sasa ni alasiri na jua limetoka hafifu, linavukiza barabara. Nimekaa kwenye mlango wa atelie yetu ya useremala, kucha zangu bado zina rangi ya kahawia, mgongo unauma, na nimetulia kuliko nilivyotulia kwa wiki nyingi.

Shajara, leo hotuba ya Ijumaa niliisikiliza kwa pua.

Ngoja nianze mahali panapofaa. Baba yangu ni fundi mbao. Tangu mikono yake ianze kutetemeka yeye hupima na kukata, mimi husugua na kupaka. Mtaa ulichukua muda kunizoea. Mwanzoni watu walisimama hapa mlangoni wakamuuliza Baba kama hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumsaidia, na Baba akawajibu bila kuinua macho kwenye msumeno: "Niko naye. Njo huyu amefunga kitambaa." Nilisoma kemia Kisangani, na nilirudi nyumbani nikiwa na shahada ambayo Kindu haikujua iiweke wapi. Nikaiweka kwenye verni, vanishi ya mbao. Sijutii, ingawa zipo asubuhi ambazo inabidi nijikumbushe kwamba sijutii.

Miezi miwili iliyopita wazee wa msikiti wa mtaa wetu walikuja kuomba mimbari mpya. Ile ya zamani mchwa waliila kimyakimya kwa ndani, mpaka Ijumaa moja ngazi ya pili ilipomeza mguu wa shehe katikati ya hotuba. Hakuumia. Lakini watoto waliiona miguu miwili ikigeuka mmoja, na kicheko kile hakikusameheka upesi.

Walimtaka Baba ajenge. Halafu katibu wa msikiti, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasema kupaka wanataka nipake mimi, na akalitaja jina langu lote, kama mtu anayesoma hati. Ni kazi ya kwanza kuombwa kwa jina langu. Nilijifanya sikushtuka. Nikaingia ndani nikanywa maji.

Walitaka rangi ileile ya zamani, rangi ya chai isiyo na maziwa, na rangi ile haitoki kwenye verni za makopo. Inatoka kwenye gomlaki. Kwa asiyeijua: ni utomvu wa wadudu wadogo wa Asia, unauzwa ukiwa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, lakini vinang'aa. Unavilowesha kwenye alkoli usiku kucha vinayeyuka, kisha unachukua kidonge cha pamba kilichofungwa kwa kitambaa, ambacho Baba hukiita tampo, na unasugua mbao kwa mizunguko midogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mti uonekane kama una taa ndani. Mafundi wa reli wa zamani walipaka hivyo makochi ya mabehewa. Baba alijifunza kwao. Na uzuri wake mkubwa ni huu: ikikwaruzika baada ya miaka unaongeza tabaka jipya, nalo linayeyukia ndani ya la zamani. Hakuna mshono.

Gomlaki yenyewe ilifika kwa ndege kutoka Goma bila shida. Alkoli ilikataliwa uwanjani, kwa sababu ndege haibebi kitu kinachowaka. Kwa hiyo nilikuwa na vipande vya kuyeyusha na sikuwa na kiyeyushi. Kilipaswa kupatikana hapahapa Kindu.

Kwanza nilikwenda kwa alkoli ya farmasi. Nilimimina kidogo kwenye kijiko nikaiwasha. Ikawaka bluu vizuri, ikazimika, na chini ya kijiko yakabaki maji. Maji ni adui wa gomlaki. Hata hivyo nilijaribu kwenye kipande cha mvule kilichobaki, na kesho yake, kwa unyevu huu wa Novemba, verni ilikuwa imepauka, nyeupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilikisugua kipande kile kwa hasira. Kikapauka tena.

Halafu kulikuwa na alkoli ya kuwashia, iliyoletwa na mfanyabiashara mmoja kwa mtumbwi wa injini kutoka Ubundu, kwenye dumu lisilo na karatasi. Hiyo iliyeyusha gomlaki kama sukari. Ndiyo iliyonitisha. Najua kuna alkoli inayofanana na nyingine kwa macho na kwa moto, lakini mvuke wake unaharibu mishipa ya macho, na mimi ningefanya kazi madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu msimu huu kumbikumbi wakiona taa wanaacha mabawa yao kwenye verni mbichi. Baba alilisukuma dumu kwa mguu mpaka barabarani. Alikuwa na rafiki kwenye karakana ya reli ambaye alimaliza maisha yake akishikwa mkono na wajukuu. Hakulisema hilo siku ile. Alisema tu kwamba macho yangu bado hayajamaliza kazi.

Ikabaki njia ya tatu. Niliijua tangu mwanzo, na tangu mwanzo nilikuwa ninaizunguka.

Nyuma ya ua wetu anakaa Mama Sharlote. Baba yake alikuja kutoka Kasai na kazi ya reli. Jumapili Mama Sharlote anaimba kwaya, sauti yake inafika mpaka kwetu. Siku nyingine zote anapika lotoko, pombe kali ya mihogo na mahindi, ambayo ikichemshwa mara ya pili kwa uangalifu inakuwa alkoli kali kuliko ya farmasi yoyote ya mji huu.

Alkoli kwa mimbari. Niliyaweka maneno hayo mawili pamoja kichwani na nikahisi joto masikioni.

Na kulikuwa na Mama. Wakati wa vita nilikuwa mdogo kiasi kwamba kumbukumbu zangu si za macho, ni za masikio. Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, njia za Kibombo na Kailo hazikupitika, mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya watu wenye bunduki. Chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Ninachokikumbuka ni tone. Tone, kimya, tone, kutoka kwenye bomba la shaba la Mama Sharlote, na hatua za mama yangu akibeba maji ya mtoni ya kulipoza bomba hilo. Mama, binti wa mwalimu wa Kurani, alibeba maji ya kupikia pombe, na jioni alirudi na bakuli la mihogo. Tulikula. Bila mtungi ule wa kupikia pombe sidhani kama ningekuwa hapa ninaandika.

Vita vilipokwisha Mama aliweka nadhiri kwamba pombe haitaingia kwenye ua wake tena na yeye hataingia kwenye ua wa pombe. Hakugombana na Mama Sharlote. Wanasalimiana juu ya fensi kila asubuhi, wanapeana mboga, wanaulizana magonjwa. Juu ya fensi tu.

Baba naye ana hadithi yake ya miaka ile. Wakubwa waliokuwa wakiushika mji walitaka vitanda, alkoli haikuwepo popote, basi yeye akaloweka gomlaki kwenye lotoko ileile ya kunywa, yenye maji nusu. Vitanda vyote vilipauka. Watu walisema vitanda vya Ramazani, ndilo jina la Baba, vimelewa, vinaamka na macho meupe. Hata leo, mteja akitaka apunguziwe bei, humuuliza kama kitanda kimeshalevuka.

Sasa kosa langu la mwanzo, nalisema hapa kwa sababu hapa ndipo ninaposema. Nilipanga kunyamaza. Ningechukua lotoko usiku, ningeichemsha upya, ningepaka. Alkoli huruka hewani yote. Mpaka kesho yake hakuna hata chembe juu ya mbao. Kemia ilikuwa upande wangu. Nani angejua?

Nilikaa na swali hilo siku nzima huku nikipiga msasa, na kadiri mvule ulivyolainika ndivyo mimi nilivyokwaruzika. Kama nina hakika ni safi, kwa nini nilipanga usiku?

Kesho yake nilikwenda kwa shehe. Alikuwa anarekebisha baiskeli yake, mikono imejaa grisi, na aliendelea kuirekebisha wakati nikieleza. Nilieleza vibaya, kama mtu anayetetea tasnifu. Mvuke, maji, nyuzi joto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Binti, wanazuoni wenyewe juu ya hii hawakupatana, siwezi kukudanganya," alisema. "Lakini miye njo nitasimama pale juu. Naomba kitu moja: toka tone ya kwanza, isikuwe kinywaji ya muntu. Hata kidogo. Na kamati ijue."

Kamati, maana yake katibu. Alinisikiliza mlangoni kwake bila kunikaribisha kiti, na sikumlaumu. Aliitikia sharti la shehe, kisha akaongeza lake. Kama Ijumaa ya kwanza mtu yeyote atasikia harufu ya pombe ndani ya msikiti, mimbari itatolewa nje siku hiyohiyo, na ngazi za mvule zitapasuliwa kuni. Alisema "pua zangu ziko mbili na hazijazeeka."

Kwa hiyo nilijua ninachokiweka mezani. Kitanda kibaya mteja anakirudisha kimyakimya. Mimbari ingetolewa mchana, mbele ya mtaa mzima, na jina langu lote juu yake. Na Baba angekuwa amesimama pale akiangalia kazi yake ya mwisho kubwa ikibebwa kwenda kupasuliwa.

Toka tone la kwanza isiwe kinywaji. Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno hayo, na nusu ya njia nikasimama barabarani, pikipiki ikanipigia honi. Viwandani hufanya hivyohivyo. Alkoli ya kazi inaharibiwa makusudi, inatiwa kitu kichungu, ili asiwepo wa kuinywa. Shehe hakusoma kemia na mimi sikusoma fikihi, lakini tulikuwa tumesema jambo moja.

Nilihitaji kitu cha kuharibu pombe bila kuharibu verni. Chumvi haiyeyuki. Mafuta ya taa yanaacha utelezi. Nilifungua madaftari yangu ya Kisangani na nikakipata: kafuri. Inayeyuka kwenye alkoli, haiwezi kunyweka, na tena inailainisha gomlaki kidogo isipasuke. Nilicheka peke yangu. Nilihisi nina akili.

Nilikwenda sokoni kwenye duka la ubani, uzi na sanda. Muuzaji alinipimia kafuri na akaniambia pole sana. Nikamwambia asante. Nilidhani ananionea huruma kwa sababu ya jua.

Mama Sharlote alikubali kabla sijamaliza kumwambia. Aliloweka mihogo na mahindi pembeni, kwenye pipa la peke yake, na pipa lilipoiva tulipika mchana, mlango wazi. Niliweka kafuri ndani ya chupa kabla bomba halijatoa kitu, kisha tukakaa kungoja. Tone la kwanza likaangukia kwenye kafuri. Mteja wake mmoja wa kila siku alisimama na kikombe, akaiangalia chupa ile kama mtu anayeangalia harusi ya mchumba wake wa zamani.

Mama Sharlote akamwambia arudi jioni. Halafu akaupigapiga mtungi kwa kiganja. "Miaka yote umenizalia walevi tu," aliuambia. "Leo njo umezaa mutoto Mwislamu."

Ili kuondoa maji yaliyobaki nilitia chokaa niliyoichoma upya kwa mhunzi mpaka ikawa na kiu, nikaiacha inywe, kisha tukachemsha mara ya pili. Na hapo, kwa tahadhari, nikatia kafuri tena kwenye chupa ya pili. Nyingi kuliko ya mwanzo. Nilitaka mtu akiniuliza mbele ya Mungu niweze kujibu bila kumeza mate.

Niliwasha kijiko. Kiliwaka mpaka mwisho, na kijiko kikabaki kikavu.

Chupa iliingia atelie kwa mlango wa barabarani, haikupita uani kwa Mama. Nilimweleza yote, sharti la shehe, kafuri, kila kitu. Alisema amesikia, na anafurahi, na hataingia atelie mpaka chupa iishe. "Shehe ana maneno yake. Nadhiri njo yangu," alisema, akaendelea kuchagua mchele.

Kisha zikaja siku ambazo sijui kuziandika. Madirisha yamefungwa, mvua juu ya bati, mkono unazunguka. Tampo likikauka unalilowesha, likishika unatia tone la mafuta. Unafikiri unafikiri juu ya kitu fulani kumbe hufikiri kitu. Baba alikaa kwenye kiti chake akiniambia nipunguze kusukuma, niache mbao inywe. Kuna siku mvua ilinyesha mchana kutwa na nilisimama mbele ya ngazi ya kwanza nikingoja ule weupe uje. Haukuja. Ngazi ilibaki kama chai iliyotulia kwenye glasi, na ndani yake nikaona taa, na Baba amekaa kichwa chini miguu juu.

Ni mara chache nimejiona ninafaa mahali nilipo. Siku ile nilijiona.

Jana, Alhamisi, tuliifunga kwa mablanketi na pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma, ikaipeleka msikitini. Wazee walizunguka wakaigusa kwa mgongo wa vidole, milango na madirisha yakiwa bado wazi na upepo ukipita. Ilikuwa mvua, madirisha ya msikiti yalifungwa, wakaondoka. Nililala vizuri.

Leo niliingia upande wa wanawake mapema, nikakaa nyuma ya pazia. Mama alikuwa bado njiani. Wa pili kuingia alikuwa Bibi Mwavita, ambaye ndiye huwaosha wanawake wa mtaa wetu wakifa. Alivua viatu, akaweka mguu mmoja ndani, akasimama. Uso wake ukabadilika. Akasema polepole: "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Kisha akanigeukia.

"Mutoto yangu, maiti iko wapi? Mbona sikuitwa?"

Nilivuta pumzi ili nimjibu, na hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza. Siku zote zile pua yangu ilikuwa maabara Kisangani, ambako kafuri ni vipande vyeupe kwenye chupa yenye kifuniko. Baba, pua yake ilikufa zamani kwa gundi na verni. Mama hakuingia atelie. Mama Sharlote ni Mkristo, na wao hawawaoshi wafu wao kwa kafuri. Kulikuwa na watu wanne karibu na kazi ile na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pua ya kunionya. Msikiti mzima, uliofungwa usiku kucha, ulikuwa unanuka kama chumba cha kuoshea maiti.

Nilitamani sakafu iwe na mchwa.

Kupitia tundu la pazia niliwaona wanaume wakiingia. Walikuja wakiongea habari za mpira, na kila mmoja alipopita kizingiti sauti ilikatika. Walikaa wakiwa wameinamisha vichwa. Mmoja alimnong'oneza muadhini kama sala ya jeneza itakuwa kabla au baada. Mwingine alianza kupekua mifuko atafute cha kuchangia. Baba alikuwa safu ya mbele, anaangalia huku na huku kama mfiwa, hajui kwa nini majirani wanamshika bega na kumwambia Mungu ampe subira.

Mama alifika, akanusa, akaniangalia. Sikuweza kumwangalia. Alijifunika mdomo kwa kanga na nikadhani analia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hakuwa analia.

Katibu alikuja mpaka kwenye pazia, akaita jina langu kwa sauti ya chini, akauliza nimetia nini. Nikamwambia. Alivua miwani, akaivaa. Akanusa kushoto, akanusa kulia, kwa haki, kama alivyoahidi.

"Pombe haisikiki," alikiri.

Lakini hakuondoka. Aliniambia hawezi kuwaacha waumini kila Ijumaa wasali wakitafuta maiti, na kwamba uamuzi atamwachia shehe. Nilikuwa nimejikinga na harufu moja kwa bidii yote mpaka nikaiingiza nyingine kwa mikono yangu.

Shehe aliingia. Alitembea mpaka chini ya mimbari, akaweka mkono kwenye mvule. Katibu alimsogelea akamnong'oneza. Shehe akasikiliza, akatikisa kichwa, sikujua ni kwa ndiyo au kwa hapana. Kisha akapanda. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna iliyolia. Alitoa karatasi ya hotuba mfukoni, akaitazama, akatazama mbao iliyo mbele yake, na nikamwona akiikunja karatasi na kuirudisha mfukoni.

"Ndugu zangu, hakuna aliyekufa," alisema. "Njo mimbari mupya. Lakini muntu akipanda hapa anasikia harufu ya siku yake ya mwisho. Mwenye kusikia harufu ile haimufai kusema mingi."

Akasema machache kweli. Alizungumza juu ya mitaro ya maji ya mtaa, kwamba kila mmoja asafishe mbele ya nyumba yake kabla watoto hawajaugua, akaomba dua, akashuka. Tulisali. Tulitoka kabla wingu la pili halijafika, kitu ambacho hakuna anayekumbuka kilitokea lini mara ya mwisho.

Nje, wanaume walikuwa wanacheka kwa ile nguvu ya watu waliojiandaa kwa msiba wakaukosa. Bibi Mwavita alimshika katibu mkono. "Kama inapunguza maneno," alimwambia, "mwambie binti aongeze kila mwaka." Katibu alijitahidi asicheke. Alishindwa upande mmoja wa mdomo. Mimbari haitatoka.

Kuna desturi kwetu kwamba kitu kipya kikiingia msikitini wanapika wali na mbuzi, na kila aliyekitia mkono anapelekewa sahani kwake. Katibu aligawa mwenyewe. Sahani ya Baba, yangu, ya mwenye pusupusu, ya mhunzi aliyechoma chokaa. Akasimama na sahani moja mkononi, akaangalia huku na huku, na nilijua anamfikiria nani, na nilijua hataki kuwa wa kwanza kulisema. Nilifungua mdomo. Mama alinitangulia.

"Leta hiyo," alisema. "Nitamupelekea."

Alifunika sahani kwa kitambaa cheupe. Tulipofika nyumbani nilimfuata kwa macho kutoka hapa mlangoni. Hakuisogeza juu ya fensi. Alizunguka kwa barabara, akafika kwenye mlango wa ua wa Mama Sharlote, akasimama kidogo, kisha nikasikia akibisha hodi kama mgeni. Sauti ya kwaya ikamjibu "karibu", na halafu ikauliza kama chakula nacho kimetiwa kafuri.

Hilo lilikuwa muda mrefu uliopita. Hajarudi. Kutoka hapa ninawasikia wakicheka, wote wawili, na sijui wanacheka nini. Baba ameniuliza mara mbili chakula cha jioni kitapikwa na nani. Nimemwambia ale wali wa msikiti.

Nadhiri yake nadhani imebadilika, au labda ni mimi ambaye sikuwahi kuielewa vizuri. Sitamuuliza. Atakaporudi nitaangalia tu uso wake.

Katibu amenitaka nimwambie harufu itaisha lini. Nilimjibu kwa kweli: wiki chache, kafuri huruka yenyewe, mradi madirisha ya msikiti yakae wazi mchana. Kesho asubuhi nitakwenda kuyafungua mwenyewe, yote, isipokuwa lile dogo lililo karibu na mimbari, harufu ikawie pale kidogo.

Shehe ataniuliza kwa nini?